Bosi kanipa mpaka saa 10 jioni niidhinishe apu kwa kampuni nzima. Nibonyeze?

Fundi Waya
Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu.

Mimi ndiye IT wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar. Nikisema ndiye IT namaanisha niko peke yangu: printa ikigoma ni mimi, rauta ikizima ni mimi, kamera ya getini ni mimi, na kwenye Microsoft 365 mimi ndiye admini mkuu. Tuko watu 64.

Wiki iliyopita bosi alikutana na wabia wetu wa nje, akaona wanatumia apu ya kuandika muhtasari wa vikao. Inaingia yenyewe kwenye kikao cha mtandaoni cha Teams, inasikiliza, na mkimaliza inawaletea nani kasema nini na nani kapewa kazi gani. Kaipenda. Jana meneja masoko kajaribu kujiunga kwa akaunti ya kazini, ikamletea ile skrini ya "Need admin approval", kwamba ruhusa inayoombwa hapa anaitoa admini tu. Akaipiga picha, akaitupia kwenye grupu la mameneja. Bosi akanijibu hapohapo mbele ya watu: "Kijana, kumbe wewe ndiye unayetukwamisha. Mpaka kesho saa 10 jioni iwe imekubali."

Nimeingia na akaunti yangu ya admini nione inaomba nini. Inaleta orodha ya ruhusa, halafu chini yake kuna kiboksi cha kutiki, kwamba nakubali kwa niaba ya taasisi nzima. Hapo mkono umekuwa mzito. Nikitiki, atakayetumia ni bosi tu au nimewaingiza wote 64? Na mbona miaka ya nyuma watu walikuwa wanajiunga na apu kama hizi wenyewe, bila kuniuliza?

Nawasubiri kabla ya saa 10.

---

Mtu Chake
saa 4:26

Ngoja waje wataalamu.

---

Kiberenge
saa 4:31

Watu wa IT wa Bongo mna shida moja, mkipewa ufunguo wa stoo mnajiona mwenye duka. Bosi ndiye mwenye kampuni, kasema anaitaka. Bonyeza, watu wafanye kazi. Kwetu nabonyeza kila kinachokuja na hatujawahi kuibiwa hata kalamu.

---

Mzee wa Seva
saa 4:58

Fundi Waya, usibonyeze kwanza. Wala usimjibu bosi kwenye grupu. Soma hapa taratibu.

Apu ya nje ikitaka kuingia kwenye akaunti yako ya kazini siku hizi haikuombi nywila. Inakupeleka kwenye ukurasa wa Microsoft wenyewe, unaingia kama kawaida, kisha Microsoft inakuuliza: huyu anaomba kufanya haya na haya kwa jina lako, unakubali? Ukikubali, apu inapewa tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuingilia bila nywila yako. Ndiyo OAuth hiyo, toleo la 2.0 lipo tangu 2012.

Wengi hudhani pale wanaingia tu, kama unavyoingia Facebook. Lakini umeshaandika hati ya uwakili. Wakili ukishamsainia, anakwenda ardhi, anakwenda benki, anasaini kwa niaba yako na wewe umelala nyumbani. Na ukibadili kitasa cha mlango wako, hati iko palepale. Ndiyo maana mtu aliyedanganywa akaipa apu mbaya ruhusa, akija kwako ukambadilishia nywila ukadhani umemaliza, hujamaliza. Ile ruhusa bado imeandikwa kwenye mfumo mpaka uifute yenyewe.

Sasa hati zenyewe ni za aina mbili, na hapa ndipo uwe makini.

Kuna ruhusa ya kukaimishwa. Apu inafanya kazi kwa niaba ya mtu fulani aliyeingia, na haiwezi kufika asikofika yeye. Mhudumu wa mapokezi akiikubali, inaona anavyoona mhudumu wa mapokezi. Bosi akiikubali, inaona anavyoona bosi.

Halafu kuna ruhusa ya apu yenyewe. Hii haimhitaji mtu yeyote aingie. Ikipewa kusoma barua pepe kwa staili hii, kwa kawaida inasoma masanduku yote 64, usiku na mchana, la bosi, la mhasibu na lako. Aina hii mfanyakazi wa kawaida hawezi kuitoa hata mipangilio yako ikiwa wazi namna gani. Lazima admini.

Kile kiboksi usipokitiki, umejikubalia wewe peke yako na akaunti yako ya admini, na hilo nalo si la kufanya. Ukikitiki, umeandika hati kwa niaba ya wote 64, waliopo na watakaoajiriwa mwezi ujao, na hakuna hata mmoja atakayeulizwa tena. Siku akiigusa hiyo apu, mlango uko wazi.

Kuhusu zamani watu kujiunga wenyewe: ni kweli, mpangilio wa kawaida wa Microsoft ulikuwa unamwachia mtumiaji aikubali apu mwenyewe kwa mambo mengi. Wamekuwa wakikaza kidogokidogo. Novemba 2020 walianza kuzuia watumiaji kuzikubali apu mpya ambazo mtengenezaji wake hajathibitishwa. Kuanzia katikati ya 2025 wakaanza kubadilisha mpangilio ule wanaousimamia wao, apu ya nje ikiomba kugusa mafaili inakwenda kwa admini. Kwa hiyo bosi akikuambia mbona zamani ilikubali, hadanganyi. Na wewe hukufunga kitu.

Weka hapa orodha ya ruhusa inazoomba. Bila hiyo tunapiga ramli.

---

Fundi Waya
saa 5:14

Shukrani sana mzee wangu. Orodha hii hapa, nimeinakili ilivyo:

User.Read
offline_access
Calendars.ReadWrite
Mail.Read
Files.ReadWrite.All

Jina la mtengenezaji lina ile alama ya bluu ya kuthibitishwa. Halafu nimeona kwenye barua pepe, watu wao wa mauzo walishanitumia kiungo tangu Ijumaa, "bonyeza hapa kukamilisha usajili wa kampuni yako". Nilidhani ni tangazo.

---

Mzee wa Seva
saa 5:40

Kiungo hicho kisome kabla hujakibonyeza. Kama kinaanza na login.microsoftonline.com na ndani yake kuna neno adminconsent, basi ni njia ya mkato ya kutoa idhini ya taasisi nzima. Hata kile kiboksi hutakiona. Ukibonyeza kukubali, umewakubalia wote. Mtu wa mauzo hajakosea kukituma, njia hiyo Microsoft wenyewe wameieleza kwenye nyaraka zao. Ila yeye analipwa kwa idadi ya wateja na wewe unalipwa kulinda masanduku 64 ya barua. Msichanganye mishahara.

Sasa orodha yako.

User.Read ni jina, cheo na barua pepe ya anayeingia. Karibu kila apu inaiomba, haina neno.

offline_access haitishi kwa jina, ila ndiyo inayoifanya hati iendelee kuishi. Maana yake apu itapewa tokeni ya kujiongezea muda, iendelee na kazi wewe ukiwa umeshafunga kompyuta umekwenda zako. Kwa apu ya vikao inaeleweka, lazima iangalie kalenda hata usipokuwepo.

Calendars.ReadWrite, hapa naanza kuuliza maswali. Kusoma kalenda ili ijue kikao ni saa ngapi, sawa. Kuandika ya nini? Labda inaweka kiungo cha muhtasari kwenye mwaliko. Waulize.

Mail.Read inasoma barua pepe za mtu. Apu ya kuandika muhtasari wa vikao na barua zangu wapi na wapi? Watakuambia inasaidia kuandaa ajenda. Siwezi kuikubali mpaka waniambie ni huduma ipi hasa inayoihitaji, na kama huduma hiyo inaweza kuzimwa.

Files.ReadWrite.All, kaa chini kwanza. Kwa ruhusa ya kukaimishwa, hilo "All" ni kila faili ambalo mtumiaji huyo anaweza kulifikia, ya kwake na yale aliyoshirikishwa na wenzake, kusoma na kuandika na kufuta. Sasa fikiria bosi ameshirikishwa nini. Kila kitu.

Alama ya bluu nayo isikulaze usingizi. Inathibitisha kwamba kampuni iliyoitengeneza ni ile inayojiita hivyo. Haikuambii kama wanatunza vizuri wanachokichukua.

Na ile skrini haikupi nafasi ya kuchagua, hii nakupa hii nakunyima. Ni kula sinia zima au kuliacha. Ndiyo maana mazungumzo na muuzaji yanakuja kabla ya kubonyeza.

---

Bi Kisauni
saa 6:05 mchana

Nipo Mombasa, jirani zenu. Mimi si mtu wa kompyuta, ni afisa wa rasilimali watu, lakini hili limenikuta mwilini.

Apu ya namna hiyohiyo iliunganishwa kwa mmoja wetu, na kwenye mipangilio yake kulikuwa na kujiunga na kila kikao kilicho kwenye kalenda. Hakuna aliyetazama. Siku hiyo tulikuwa na kikao cha nidhamu, watu wanne, kijana mmoja ameitwa ajieleze. Nikaona kuna mshiriki wa tano, jina kama la mashine. Nikadhani ni simu ya mwenzetu imeingia mara mbili. Baada ya nusu saa muhtasari ukaja, mzuri, umepangwa vizuri sana, na umetumwa kwa kila aliyekuwa kwenye ule mwaliko. Mwaliko ulikuwa umenakiliwa kutoka kikao cha wiki cha idara. Watu kumi na wanane.

Yule kijana alisoma makosa yake pamoja na idara nzima. Wallahi siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Hakuna mwizi aliyeingia hapo. Apu ilifanya kazi yake sawasawa kama ilivyoruhusiwa. Kwa hiyo ndugu yangu, mbali na hayo ya ruhusa, uliza pia inajiunga na vikao gani na inamtumia nani.

---

Kiberenge
saa 6:12

Hayo ni makosa ya aliyenakili mwaliko, apu inahusikaje? Mzee unatisha watu na hati za uwakili. Nitajie kampuni moja tu iliyopigwa kwa njia hii. Moja. Wezi wa siku hizi wanatumia meseji za M-Pesa feki, hawana muda wa kuomba ruhusa kwa adabu.

---

Mzee wa Seva
saa 6:47

Kiberenge, umeomba moja, nakupa tatu.

Tarehe 3 Mei 2017. Watu wakawa wanapokea barua pepe kutoka kwa mtu wanayemjua, kwamba amekushirikisha waraka wa Google Docs. Ukibonyeza unafika kwenye ukurasa halisi wa Google, si wa kughushi. Unaambiwa "Google Docs" inaomba kusoma na kusimamia barua zako na anwani zako. Kumbe ni apu ya mtu baki aliyeipa jina hilohilo. Ukikubali, inajituma kwa watu walio kwenye orodha yako ya anwani. Google waliizima ndani ya saa moja hivi, wakasema imegusa chini ya asilimia 0.1 ya watumiaji wa Gmail. Idadi ya watumiaji wa Gmail unaijua, piga hesabu mwenyewe. Na hakuna nywila iliyoibwa hapo, hata moja. Waliombwa kwa adabu wakakubali.

Ya pili, Microsoft wenyewe. Januari 2024 walitangaza kuwa kundi wanaloliita Midnight Blizzard, la dola ya Urusi, limesoma barua za baadhi ya viongozi wao wa juu pamoja na watu wa usalama na wa sheria. Waliingilia wapi? Kwenye akaunti ya zamani ya majaribio, haina uthibitisho wa hatua mbili, nywila yake ikabahatishwa mwishoni mwa Novemba 2023. Akaunti ya majaribio ina thamani gani? Ndani yake kulikuwa na apu ya zamani ya OAuth, nayo ya majaribio, ambayo mtu fulani siku fulani aliipa mamlaka makubwa kwenye mfumo wa ofisi yenyewe halafu akaisahau. Kupitia hiyo wakatengeneza apu zao nyingine na kuzipa haki ya kuingia kwenye masanduku ya barua. Hiyo ni Microsoft, yenye watu wa usalama wengi kuliko wafanyakazi wa kampuni zetu zote tuliomo kwenye uzi huu.

Ya tatu ni ya Agosti 2025. Kuna apu ya maongezi na wateja inaitwa Drift, ya kampuni ya Salesloft. Mashirika mengi yalikuwa yameiunganisha na Salesforce yao, mfumo wa kutunza taarifa za wateja, kwa idhini halali kabisa, admini kabonyeza. Wezi hawakuhangaika na mashirika hayo. Waliiba tokeni zilizokuwa zimeshikwa na apu, wakazitumia kati ya tarehe 8 na 18 kuchota taarifa za mashirika mamia. Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks walikiri kuguswa. Na hao watatu kazi yao ndiyo kuuza ulinzi wa mtandao.

Hii ya tatu ndiyo ninayotaka Fundi Waya aiangalie. Apu haikuwa mbaya. Admini hakudanganywa. Ila ukimpa mtu hati, usalama wako unakuwa sawa na wa kabati analoihifadhia.

---

Kiberenge
saa 6:55

Sawa mzee. Nimekaa.

---

Nyangumi wa Pwani
saa 7:10

Wakuu na sisi tulio kwenye Google Workspace? Maana naona mnaongelea Microsoft tu.

---

Mzee wa Seva
saa 7:22

Ngoma ileile, wapigaji tofauti. Kwenye dashibodi ya admini nenda sehemu ya usalama, humo kuna udhibiti wa API, yaani njia ambazo apu hutumia kuufikia mfumo wako, na ndani yake orodha ya apu za nje. Kila apu unaweza kuiamini, kuiwekea mipaka, au kuizuia kabisa. Na zile ambazo hujazipangia chochote unaamua kwa pamoja zitendewe vipi. Anza na hiyo ya mwisho.

---

Wakili wa Ilala
saa 7:35

Naongeza la sheria kwa kifupi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Kampuni ya ndugu hapa ndiyo mkusanyaji wa taarifa, mwenye apu anakuwa mchakataji. Lazima kuwe na mkataba wa maandishi kati yenu, na taarifa zikitoka nje ya nchi kuna masharti yake. Sauti za wafanyakazi na wateja kwenye kikao ni taarifa binafsi. Yule dada wa Mombasa kwao wana ya kwao ya 2019.

Kiboksi cha kutiki si mkataba. Na akija mkaguzi, jina litakaloonekana kwenye kumbukumbu za mfumo kuwa ndilo lililotoa idhini ni la Fundi Waya, si la bosi.

---

Fundi Waya
saa 7:41

Hilo la mwisho limenitoa jasho. Kumbe jina linabaki.

Sasa wakuu, nimwambie nini mzee? Nikienda na "haiwezekani" nitaonekana yuleyule wa kukwamisha. Na apu yenyewe kusema ukweli ni nzuri, muhtasari wa vikao kwetu huwa unaandikwa wiki ya pili na aliyeandika kasahau nusu.

---

Mzee wa Seva
saa 8:09

Usiende na hapana. Nenda na laptop.

Mwonyeshe ile skrini yenyewe kwa macho yake, kisha fungua mafaili anayoyafikia kwa akaunti yake. Usieleze sana.

Halafu ukiruhusiwa kuendelea, fuata mpangilio huu. Kwanza mwandikie muuzaji, umuulize kama kuna njia ya kuunganisha bila barua pepe na mafaili. Mara nyingi ipo, hawaitangazi.

Pili, kabla ya kutoa idhini, isajili apu kwenye mfumo wako kwa PowerShell, ile programu ya Microsoft ya kuandika amri, na amri ni New-MgServicePrincipal na unaipa namba ya apu. Hapo inakuwepo kwenye orodha lakini haina ruhusa yoyote. Ifungue upande wa sifa zake, kuna swali la kama mtumiaji lazima apangiwe. Weka ndiyo. Ndipo utoe idhini. Idhini itaandikwa kwa taasisi nzima, lakini anayeweza kuingia ni yule uliyempanga tu. Ukishaweka hivyo, mtumiaji hawezi tena kuikubali mwenyewe, kwa hiyo idhini yako inahitajika kweli. Kupanga kwa kundi kunahitaji leseni ya kulipia ya Entra, ile P1. Kama huna, unapanga mtu mmojammoja, kwa watu sita si kazi.

Kwa wasiojua, Entra ndiyo mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na ruhusa, ile Azure Active Directory, ilibadilishwa jina 2023.

Tatu, washa utaratibu wa maombi. Upo kwenye mipangilio ya idhini ya admini. Mfanyakazi akikutana na ile skrini atapata sehemu ya kuandika sababu na kutuma, wewe unaletewa barua pepe. Ombi usipolijibu linakufa lenyewe, kwa kawaida baada ya siku 30. Meneja masoko angekuwa na kitufe hicho, asingekwenda na picha kwenye grupu.

Na la mwisho, ambalo hukuuliza. Ukiwa humohumo kwenye orodha ya apu za taasisi, angalia nyingine. Fungua kila moja upande wa ruhusa. Hiyo kazi ya leo utaiona ndogo.

---

Mtu Chake
saa 8:15

Nilisema ngoja waje wataalamu.

---

Fundi Waya
Ijumaa, saa 3:05 usiku

MREJESHO.

Samahani kwa kimya, nilikuwa vitani.

Jumanne saa 9 nikapanda ofisini kwa bosi na laptop. Nilimkuta anakunywa chai ya rangi na karanga, akaniambia "imekubali?" Nikamwambia mzee, nakuomba dakika tatu, soma hii. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa kalenda, akatikisa kichwa, sawa. Akafika kwa mafaili yote unayoyafikia. Akauliza yote yapi. Nikamgeuzia skrini ya OneDrive yake: kabrasha la mishahara, kabrasha la zabuni tuliyowasilisha mwezi jana, na skani za pasipoti za watoto wake ambazo sijui aliziweka humo lini.

Alinyamaza. Akala karanga tatu nne. Kisha akauliza, "Na hawa jamaa seva zao ziko wapi?" Nikamwambia sijui, ndiyo maana sijabonyeza. Akavua miwani, akasema waandikie, na mwanasheria aone.

Muuzaji akajibu Jumatano. Kweli ipo njia ya kalenda pekee, kusoma tu bila kuandika. Barua pepe na mafaili ni za huduma ya ziada ambayo hata hatujailipia. Mkataba wa kuchakata taarifa wameutuma, mwanasheria anausoma. Leo mchana nimeisajili, nikaweka lazima kupangiwa, nikatoa idhini ya zile ruhusa tatu zilizobaki, nikawapanga watu sita kwa majina. Na dada wa Kisauni, nimezima kujiunga yenyewe na vikao vyote. Inaingia kwenye kikao ikialikwa tu. Asante sana.

Sasa lile la mwisho ambalo sikuuliza.

Nimekuta apu 47 za nje. Arobaini na saba! Nyingi ni vitu vidogo, mtu kaingia na akaunti ya kazini kwenye mchezo wa maswali, mtu kasaini PDF mara moja mwaka 2022. Nimepunguza, zimebaki 15. Lakini kuna moja imeninyima usingizi. Ni ya kuhamishia barua pepe, kutoka seva ya zamani kuja Microsoft 365, iliwekwa 2021 na aliyekuwepo kabla yangu. Kazi iliisha wiki ileile. Apu imebaki na ruhusa ya apu yenyewe, ile aina ya pili, ya kusoma na kuandika kwenye masanduku yote. Miaka yote hii. Nimekuwa nikifunga kamera za getini na huku dirisha la nyuma halina hata nondo.

Niifute au niiache kwanza?

---

Mzee wa Seva
saa 3:30 usiku

Izime kwanza, usiifute. Kwenye sifa zake kuna kuruhusu watumiaji kuingia, weka hapana, haitapewa tokeni mpya. Angalia kumbukumbu za kuingia kama kuna kitu kinaitumia. Kwa leseni ya bure zinakaa siku 7 tu, kwa hiyo zipakue leo hiihii. Baada ya wiki kama hakuna aliyelia, nyofoa ruhusa zake. Kwa apu ambazo hutaki zirudi, kuzizima ni bora kuliko kuzifuta, maana iliyofutwa mtu anaweza kuiita tena kama mipangilio yako inaruhusu. Iliyozimwa inabaki imekaa mlangoni imefungwa.

Na huyo aliyekutangulia usimlaumu. Kila mmoja wetu ana yake.

---

Bi Kisauni
saa 3:41

Alhamdulillahi. Sita kwa majina, hiyo nimeipenda.

---

Kiberenge
saa 5:52 usiku

Wakuu bado mpo?

Nimeingia kwenye ile orodha ya kwetu baada ya kusoma mrejesho. Nimekuta 112. Kuna moja inaitwa "jaribio2", aliyeitengeneza ni mimi, 2021.

---

Mzee wa Seva
saa 5:55

Ina ruhusa gani?

---

Kiberenge
saa 6:03 usiku

Sijaifungua. Nimekwenda kunywa maji kwanza.